Mshipa wa jino: kwanini sindano inachomwa nyuma ya taya halafu mdomo ndo unakufa ganzi

Kuna mama alikaa kwenye kiti, gego la juu limeoza mpaka imebaki mizizi tu, wiki ya pili hajalala, daktari akamwambia mama hili tunalitoa leo. Mama akafumba mdomo. Akasema hapana, jino la juu lina mshipa wa jicho, shangazi yake alitolewa akaanza kuona ukungu. Mwanafunzi aliyekuwa amesimama pembeni yangu, yuko fildi hana hata mwezi, akaninong'oneza "dada, eti ni kweli?" na nikaona kabisa hatanii, anataka kujua, sababu na yeye kakulia kwenye nyumba ambayo hilo neno linasemwa, kama mimi nilivyokulia.

Naandika hii kwa ajili yake na kwa wote wanaosomea kumsaidia daktari wa meno, wale wanaofungua anatomia wanakutana na majina marefu ya Kilatini wanakariri usiku kucha, mtihani ukiisha yote yanayeyuka. Mi naamini ukishika neva moja tu ukaifuata kwa kidole kuanzia inapotokea mpaka inapoishia, mambo mengi sana yanayotokea pale kwenye kiti yanajieleza yenyewe.

Shida ya kwanza ni neno lenyewe, mshipa. Sisi kwa Kiswahili cha nyumbani mshipa ni kila kitu kilicho kama kamba ndani ya mwili. Damu inapita kwenye mshipa, shingo ikikaza ni mshipa, mwanaume akivimba korodani ni mshipa, na jino likiuma ni mshipa wa jino. Kwa hiyo mwanafunzi anaingia darasani kichwani ana kamba moja, mwalimu anamtajia tatu, na yeye anaziweka zote kwenye ile moja aliyokuja nayo. Tuzitenganishe kabla hatujaenda mbali. Ateri inaleta damu kutoka kwenye moyo, ina msukumo, unaweza kuisikia ikidunda. Vena inarudisha damu, haina msukumo wa maana. Neva haibebi damu kabisa, inabeba taarifa, ni kama waya wa umeme, inapeleka habari za maumivu, baridi na kuguswa kwenda kwenye ubongo na nyingine inarudisha amri kwenye misuli. Kinachochanganya watu ni kwamba hizi tatu zinapenda kutembea pamoja, ndani ya jino lenyewe kwenye kile kitobo kidogo cha ncha ya mzizi zinaingia zote tatu, na ndo maana jino likiwa bovu linauma na kudunda kwa wakati mmoja.

Sasa neva yetu. Kichwa kina jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo na shina lake bila kupita kwenye uti wa mgongo, na zimepewa namba kutoka mbele kwenda nyuma. Namba 2 ndo ya kuona. Namba 7 ndo inayofumba jicho, inayokunja uso, inayofanya utabasamu. Namba 10 inashuka mbali mpaka kwenye moyo na tumbo, tutaikuta baadaye. Meno yote, ya juu na ya chini, yanahisi kupitia namba 5, inaitwa trijemina, maana yake ya mapacha watatu, kwa sababu ikitoka kwenye shina la ubongo inafanya kifundo kimoja ndani ya fuvu halafu inagawanyika matawi matatu, upande wa kulia watatu, wa kushoto watatu.

Weka kiganja usoni uone. Tawi la kwanza linahudumia paji la uso, kope ya juu na ngozi laini ya juu ya jicho, mchanga ukikuingia machoni ukauma ni hilo limepiga kelele. Tawi la pili linapita chini ya jicho, shavu, pembeni ya pua, mdomo wa juu, meno yote ya juu na kaakaa. Tawi la tatu ni taya la chini, meno yote ya chini, kidevu, sehemu ya mbele ya ulimi, na kipande cha mbele ya sikio mpaka pembeni ya kichwa. Hili la tatu ni tofauti na wenzake kwa jambo moja, lenyewe linabeba na amri za misuli ya kutafuna. Uma meno kwa nguvu huku vidole viko kwenye pembe za taya, ule msuli unaoruka chini ya kidole unaamriwa na tawi la tatu.

Kwa hiyo tukirudi kwa yule mama, jino lake liko tawi la pili la neva ya tano na kuona kwake kuko neva ya pili, ni waya mbili tofauti, zinatoka sehemu tofauti na zinapita matundu tofauti ya fuvu, ukitoa jino hugusi kabisa ile ya kuona. Lakini sikumwambia mama kwamba shangazi yake alidanganya, sababu ndani ya ile hadithi kuna kitu cha kweli kimegeuzwa kichwa chini. Jino la juu likioza, hasa chonge, ule mzizi wake ni mrefu na ncha yake iko karibu na chini ya jicho, usaha ukitoboa mfupa pale uvimbe unapanda mpaka jicho linafunga. Na vena za eneo lile zinaungana na vena za nyuma ya jicho, nazo zinaingia ndani ya fuvu, maambukizi yakipita njia hiyo yanaweza kuhatarisha jicho na maisha. Hatari inaletwa na jino bovu linaloachwa mdomoni, halafu lawama anakuja kubeba aliyelitoa. Daktari alimweleza hivohivo, taratibu, akamchorea kwenye karatasi, mama akauliza maswali mawili matatu halafu akafungua mdomo.

Hebu tuingie kwenye jino lenyewe kidogo kabla hatujafika kwenye sindano. Nje kabisa kuna enameli, ngumu kuliko kitu chochote mwilini, karibu yote ni madini na haina neva hata moja, ndo maana mtu anaweza kuwa na doa la kuoza juu ya enameli miaka na hasikii kitu. Chini yake dentini, laini kidogo, imejaa vijitundu vyembamba mno vyenye maji ndani. Ukimpulizia mgonjwa hewa kwenye dentini iliyo wazi yale maji yanatikisika, mtikisiko unagusa ncha za neva zilizo chini na mgonjwa anaruka. Maelezo hayo ndo yanayokubalika zaidi leo kuhusu ule mshtuko wa maji baridi na barafu. Katikati kuna kiini, nyama laini yenye ateri, vena na neva, imefungiwa ndani ya kuta ngumu pande zote.

Hapo kwenye kufungiwa ndo penye kisa. Kidole kikiumia kinavimba kwa sababu ngozi inatanuka. Kiini cha jino kikivimba kitanuke kiende wapi? Presha inapanda mlemle ndani, neva inabanwa, na mgonjwa akilala damu inaelekea zaidi kichwani maumivu yanazidi, anakuja asubuhi macho mekundu anakwambia usiku nzima nimekaa kwenye kochi. Na sikiliza anavyoeleza, sababu hii itakusaidia kuandika vizuri kwenye faili. Akisema "linauma upande huu wote, sijui hata ni lipi, mpaka sikio" ujue kuna uwezekano kiini bado kiko hai kinateseka, kwa kuwa neva za ndani ya kiini hazijui kutaja mahali vizuri, zinajua kusema maumivu tu. Sikio linaingizwa kwa kuwa tawi la tatu lina kijitawi kinachopanda mbele ya sikio, habari zinafika ubongoni kwa njia ileile, ubongo unachanganya anwani. Inaweza hata kuchanganya jino la juu na la chini. Ila haivuki katikati, jino la kulia kwa kawaida halipeleki maumivu kushoto, hiyo ikitokea daktari anaanza kufikiria kitu kingine. Siku akija anakuonyesha kwa kidole kimoja, "hili hapa, nikiling'ata tu," basi mara nyingi maambukizi yameshavuka ncha ya mzizi yamefika kwenye zile nyuzi zinazolishikilia jino kwenye mfupa, na nyuzi hizo zina neva zinazojua mahali na uzito kwa usahihi mkubwa, ndo hizohizo zinazokushtua ukitafuna kijiwe kidogo kwenye wali.

Haya, sindano. Swali ambalo kila mwanafunzi ananiuliza wiki ya kwanza ni kwanini jino la juu daktari anachoma palepale juu ya jino, la chini anakwenda kuchoma nyuma kabisa mbali na jino lenyewe. Jibu ni mfupa. Taya la juu lina gamba jembamba lenye vitobo vingi, ukiweka dawa kwenye ufizi wa nje usawa wa ncha ya mzizi inapenya yenyewe mpaka kwenye neva, dakika chache jino limelala. Taya la chini, hasa kwenye magego, gamba lake ni nene na limeshikana, dawa ukiiweka nje inabaki nje. Kwa watoto mfupa bado haujashikana hivo na kwa meno ya mbele ya chini ni mwembamba kidogo, kwa hiyo kuna wakati daktari anaweza kuchoma pale pale, lakini gego la mtu mzima mara nyingi lazima uikamate neva kabla haijaingia ndani ya mfupa.

Inaingilia wapi? Chukua kidole shahada, kiweke nje kwenye pembe ya taya chini ya sikio, panda nacho juu. Huo mfupa unaopanda ni kama ubao umesimama. Neva inashuka kwa upande wa ndani wa huo ubao, na karibu katikati yake kuna tundu, limefunikwa kidogo na kijimfupa kama ulimi mdogo. Neva ya taya la chini inazama kwenye tundu hilo pamoja na ateri na vena yake, inatembea ndani ya mfereji wa mfupa chini ya mizizi ya magego, kila mzizi unapewa kijiwaya chake, ikifika usawa wa magego madogo inagawanyika, waya mmoja unaendelea mbele kwenye meno ya mbele na mwingine unatoka nje kwa tundu la pembeni ya kidevu unakwenda kwenye mdomo wa chini na ngozi ya kidevu.

Sasa umeshapata jibu la kichwa cha habari. Daktari anaweka dawa nyuma, nje kidogo ya lile tundu la kuingilia, na kila kilicho mbele ya hapo kinalala, kwa sababu taarifa zote za huko lazima zipite mlango huo kurudi ubongoni. Ni kama umefunga koki kubwa ya maji pale yanapoingilia uani, bomba la jikoni na la bafuni yote yanakauka. Mdomo wa chini uko mwisho kabisa wa njia, kwa hiyo ukilala ni ishara kwamba koki imefungwa. Hii ndo maana daktari hamuulizi mgonjwa "jino limekufa ganzi?", anamuuliza "mdomo unausikiaje?" na wewe uliyekaa upande wa pili unaweza kuuliza pia, "umekuwa mzito mpaka katikati ya kidevu?" Akisema ncha ya ulimi ndo imekufa lakini mdomo bado, hiyo ni habari muhimu mwambie daktari, maana neva ya ulimi inapita jirani tu na hii ya taya, mbele yake kidogo, imepata dawa na mwenzake amekosa. Kwa hiyo ulimi kufa ganzi peke yake hakuthibitishi kitu kwenye jino. Na kuna ya tatu, neva ya shavu, hii imeshajitenga juu na inahudumia ufizi wa nje wa magego ya chini, koki yetu haiifikii, ndo maana kwa kung'oa gego la chini utaona daktari anaongeza sindano ndogo shavuni pembeni ya jino la mwisho. Mwanafunzi anayejua hili haulizi "mbona anachoma tena, ya kwanza imegoma?" anakuwa ameshaandaa.

Kuna kitendo kimoja daktari anakifanya haraka unaweza usikione. Akishafika ndani, kabla ya kusukuma dawa, anavuta nyuma kidogo. Angalia katriji, kile kichupa cha kioo chenye dawa kilicho ndani ya sirinji. Ikiingia michirizi myekundu maana yake ncha iko ndani ya mshipa wa damu, ile ateri au vena inayotembea na neva, na dawa ikisukumwa pale inakwenda moja kwa moja kwenye mzunguko wa damu na moyo unakimbia. Anahamisha ncha na anavuta tena. Wewe kazi yako pale ni mwanga uwe umekaa vizuri na mkono wa mgonjwa usije ukarushwa kwenye sirinji, mwekee mkono juu ya mkono wake kwa upole, wengi wanashukuru kwa hilo.

Dawa yenyewe inafanyaje? Neva inapeleka taarifa kwa kufungua vilango vidogo kwenye ukuta wake na kuingiza chembe za sodiamu, kilango kimoja kikifunguka kinaamsha cha jirani, taarifa inatembea hivo mpaka ubongoni. Lignokeini, ndo hiyo dawa yetu ya ganzi, inakwenda kuziba hivo vilango. Jino bado linaumizwa, ila habari haifiki. Lakini ili ifike kwenye vilango dawa lazima kwanza ipenye ukuta wa neva wenye mafuta, na kwenye tishu ya kawaida ni karibu robo tu ya dawa iliyo katika hali ya kuweza kupenya mafuta. Penye usaha pana asidi zaidi, ile robo inapungua sana, dawa inajaa pale lakini inashindwa kuingia. Ndo maana mgonjwa aliyekuja shavu limevimba anasema "daktari sindano tatu na bado nasikia" na anasema kweli, msimwone mwoga. Kumchoma nyuma, mbali na usaha, kunasaidia, ingawa kiini kilichowaka moto siku nyingi neva zake zimekuwa kali kiasi kwamba hata hapo zinaweza kubisha.

Kitu kingine kinachomfanya mgonjwa aonekane mkaidi. Nyuzi nyembamba za maumivu zinalala mapema, nyuzi nene za kuguswa na kusukumwa zinalala mwisho au hazilali kabisa. Kwa hiyo jino likitikiswa mgonjwa atasikia msukumo, atasikia hata sauti ya kukatika kwa nyuzi kupitia mfupa mpaka sikioni, na kama hakuambiwa mapema atapiga kelele akidhani ganzi imeisha. Mwambie kabla. "Mama utasikia tunasukuma na tunabonyeza, ukisikia kuuma kwa ukali nyanyua mkono wa kushoto." Maneno hayo hayagharimu kitu na yanabadilisha kabisa namna mtu anavyokaa.

Katriji nyingi zinachanganywa na adrenalini, kiwango kidogo mno kama 1 kwa 80,000 au 1 kwa 100,000. Inabana mishipa ya damu ya eneo lile, damu haiondoi dawa haraka, ganzi inakaa muda mrefu na damu inapungua wakati wa kazi. Ndo hiyohiyo inayoweza kumfanya mtu asikie moyo unadunda dakika moja mbili, na ndo sababu unapouliza presha, moyo na dawa anazotumia uandike unachosikia bila kuruka. Na kwa watoto jifunze hesabu hii hata kama anayeamua ni daktari. Lignokeini ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa kila mililita, katriji ya mililita 2.2 ina miligramu 44. Kikomo kinachotumika sana kwa mtoto ni miligramu 4.4 kwa kilo. Mtoto wa kilo 15 kikomo chake ni miligramu 66, yaani katriji moja na nusu basi. Ukimpima uzito kwa mzani badala ya kukisia kwa macho umefanya kazi kubwa.

Inashangaza ukifikiria hii njia ya kuifuata neva mpaka mlangoni ni ya zamani kiasi gani. Mwaka 1884 daktari mpasuaji wa Marekani, William Halsted, na wenzake walikuwa wanachoma kokeini karibu na neva, pamoja na hii ya taya la chini, na walijaribu kwenye miili yao wenyewe, Halsted akaingia kwenye uraibu uliomtesa miaka mingi. Lignokeini ilikuja kutengenezwa Uswidi miaka ya 1940. Dawa zimebadilika, tundu la mfupa liko palepale.

Sasa tuangalie mate, yanaonekana hayahusiani ila subiri. Peleka ncha ya ulimi kwenye shavu lako usawa wa gego la pili la juu, utagusa kajipele laini. Hapo ndo unapoishia mfereji wa tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio. Chini ya ulimi nyuma tu ya meno ya mbele kuna vijipele viwili vingine, hapo yanatoka mate ya tezi za chini ya taya. Mtu anatoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Ukiambiwa weka pamba, usiiweke popote, iweke juu ya huo mlango wa shavuni kwa kazi ya juu, na kwa kazi ya chini weka pamba pembeni ya ulimi pia na mdomo wa sakshen, ile mashine ya kunyonya mate, uwe chini ya ulimi. Nimeona kujaza jino kukirudiwa mara mbili kwa sababu tu pamba ilikaa sentimita mbili pembeni ya chemchemi.

Ile tezi ya mbele ya sikio ndo inayotuunganisha na kisa cha kaka mmoja nilichokiona zamani kwenye kliniki fulani. Alichomwa sindano ya taya la chini, baada ya dakika chache akasema mdomo hauna ganzi hata kidogo ila jicho la upande huo limegoma kufumba. Uso umelala upande mmoja, mke wake mlangoni akaanza kulia akisema mume wangu amepata kiharusi. Mimi mwenyewe nilikuwa mgeni kazini na nikaganda. Kilichotokea ni kwamba ncha ilikwenda nyuma mno ikapita ule ubao wa mfupa ikaingia kwenye tezi, na ndani ya tezi hiyo ndo inapopita neva ya 7, mwenye jukumu la kufumba jicho na kutabasamu. Dawa imelaza neva isiyohusika. Hili linapita lenyewe dawa ikiisha, saa chache, lakini jicho lisilofumba linakauka kwa hiyo linafungwa kwa upole na kufunikwa mpaka uwezo urudi. Tulikaa naye mpaka akafumba jicho mwenyewe, na mke wake alikuwa wa kwanza kuliona.

Ganzi ya jino lenyewe inaanza kwisha baada ya kama saa moja, ila mdomo na ulimi vinaweza kubaki vimelala saa 3 mpaka 5. Hapo katikati ndo mtoto anapojing'ata. Anasikia kitu kigeni mdomoni, anakitafuna kwa kuwa hakiumi, kesho mama anakuja nacho kimevimba cheupe, anadhani ni usaha au sindano ilikuwa chafu. Kabla hawajatoka mlangoni mwambie mama asimpe chakula mpaka mdomo uamke, na mshike mtoto kidevu umwonyeshe kwenye kioo, "huu mdomo umelala usingizi, tusiuume."

Kuzimia nako kuna neva yake. Mtu akiona sindano akaogopa sana neva ya 10 inapunguza mwendo wa moyo, mishipa ya miguu inalegea, damu inabaki chini na ubongo unapungukiwa. Dalili zinaanza mapema, jasho la baridi kwenye mdomo wa juu, miayo, rangi kupotea kwenye midomo na kucha. Wewe ndo uliye karibu na uso wake kuliko mtu yeyote wakati daktari anaangalia mdomoni. Laza kiti, inua miguu, vifaa vyote vitoke mdomoni. Kama ni mjamzito wa miezi mingi mgeuze aegemee kushoto, maana mtoto akilalia ile vena kubwa ya tumboni damu haipandi.

Na kuna siku neva hii inakuletea mgonjwa ambaye si wa kwako. Mzee mmoja alikuja analalamika magego ya chini kushoto, anashika taya lote kwa kiganja. Tukapiga eksirei, meno yake mazima, tukagonga moja moja, hakuna. Daktari akavuta kiti akakaa, akamuuliza linauma saa ngapi. Mzee akasema nikipanda kile kilima cha kwenda nyumbani, nikisimama nikipumzika linaacha. Ukitafuna nyama je? Haliumi. Maji baridi? Hata. Habari za maumivu ya moyo na habari za taya zinakutana karibu karibu njiani kwenda ubongoni, na moyo unaokosa damu unaweza kulia kupitia taya, wakati mwingine bila kifua kuuma kabisa. Mwanafunzi alikuwa ameshaandaa trei ya kung'olea, sirinji na katriji viko tayari, akavifunika taratibu. Mzee tulimtafutia kiti cha magurudumu asitembee hata kufika getini, akaondoka siku hiyohiyo na barua ya kwenda kupimwa moyo, magego yake yote yakiwa mdomoni.